Fomu Mbili, Baba Wawili

Naanza na fomu, maana ndizo zilizotuharibia ile wiki. Moja ilitoka China, nyingine Japani, na zote mbili zilikuwa za msichana mmoja, Jaël. Alizijaza kwenye meza ya mama yake hapa mtaa wa Panda, mjini Likasi. Ile ya China aliijaza Jumamosi, ile ya Japani Jumatano iliyofuata. Ningekuwa na akili ningemwambia azijaze siku moja, aziweke sambamba, azilinganishe kama tunavyolinganisha vyuma karakana. Lakini nani ananiuliza mimi? Mimi ni fundi. Natengeneza pampu na ekseli za watu wanaochimba kule Kamatanda, jioni narudi, nakula, nalala. Mambo ya shahada yananipita kimo.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Chuo kikuu kimoja cha Japani na kimoja cha China vimekubaliana kusomesha wanafunzi pamoja. Mwaka wa kwanza unasoma China, wa pili Japani. Una profesa huku na profesa kule, na mwishoni unapewa karatasi moja yenye mihuri miwili. Wanafundisha namna ya kutoa kobalti na shaba kwenye mabaki ambayo wazee wetu waliyatupa wakidhani yameisha. Sisi hapa tuna vilima vizima vya mabaki hayo, tunavipita kila siku tukienda sokoni na hatuvitazami. Jaël alimaliza uinjinia Lubumbashi, akaona tangazo kwenye simu, akaandika. Nafasi zilikuwa nane tu, dunia nzima. Walimuuliza maswali ya masomo kwa muda wa saa mbili, wakaridhika, wakamwambia nafasi ni yake, atume karatasi za familia, hiyo ni kawaida tu.

Kawaida kwao. Kwetu familia si karatasi ya kujaza mara moja na kusahau, na hapo ndipo mimi naingia.

Mimi naitwa Gauthier. Yaani nilikuwa naitwa. Miaka mitano sasa Panda nzima inaniita Mathieu, na ukitaka kujua kwa nini, vumilia kidogo.

Mathieu alikuwa kaka yangu, tumbo moja, na ndiye aliyemzaa Jaël. Presha ilimwangusha shambani, asubuhi, jembe mkononi, mwezi wa tatu. Tulimzika, matanga yakaisha, watu wakarudi kazini. Miezi ikapita, dada yetu mkubwa, Émilienne, akaita ukoo. Kwetu mtu mzima akifa nafasi yake haiachwi wazi. Lazima mtu wa damu yake aingie ndani yake. Tunasema kupyana. Wakatandika mkeka, wakanikalisha, wakanipaka unga mweupe kwenye paji la uso, wakanivisha koti la Mathieu na mkanda wake, wakanipa na jina. Watu wakapita mbele yangu mmoja mmoja wakinisalimia: "Mathieu, umerudi." Pasta alikuwepo. Mambo ya kumpa mrithi mjane aliyakataza, na vizuri alifanya, kwa hiyo Rosalie, mama yake Jaël, alibaki kwake na mimi nikabaki kwangu. Mengine yote yalifanyika. Jaël alikuja wa mwisho. Alikuwa na miaka kumi na minane. Akapiga goti, akasema, "Bonjour, papa," kwa sauti ya mtu anayesoma kibao cha duka.

Usidhani ni maigizo ya siku moja. Ukiingia umeingia. Mama mzazi wa Rosalie alikuja toka Kambove kunigombeza kwa maneno ambayo Mathieu aliyasema kwenye harusi yake, mimi siku hiyo nilikuwa na homa, hata sikuwepo. Nikasikiliza, nikaomba msamaha. Kila Jumapili Rosalie ananipikia bukari, ndiyo ugali wetu, na samaki wa moshi toka Koni, kwa sababu Mathieu alikuwa hali Jumapili bila samaki wa moshi. Mimi samaki wa moshi simpendi tangu utoto. Namla. Mwaka wa kwanza nilimla kwa shida, mwaka wa pili sikusikia shida tena, na mwaka wa tatu sikusikia ladha yoyote, ya samaki wala ya kitu kingine.

Nilimpenda Mathieu, nasema wazi. Alinifundisha kushika tupa, alinipigania na watoto wa kambi ya juu. Lakini tangu ule mkeka, nikimfikiria hakuna kinachokuja. Si uchungu, si hamu. Ni kama shavu baada ya sindano ya daktari wa meno, unaligusa na unajua ni lako, basi. Watu wakiniuliza habari nasema nzuri. Na kweli habari si mbaya, kazi ipo, afya ipo. Nimechoka tu kumjibia mtu ambaye siwezi hata kumkumbuka.

Jaël naye ni vile vile. Hanuni, hacheki. Unamwambia neno la kuchekesha anasema "Ndiyo, papa." Alisoma Lubumbashi akapata alama kubwa, akaja kuniletea karatasi ya matokeo, akasimama mlangoni akisubiri niseme. Nikasema vizuri. Akasema asante. Tukatazamana kama watu wawili kwenye foleni. Siku moja tu, akiosha vyombo, nilimuuliza kwa nini anataka kwenda mbali hivyo. Akasema, "Kule nitakuwa na kazi toka asubuhi mpaka jioni, na hakuna muntu anajua minye ni mutoto wa nani." Halafu akaendelea na sufuria. Hayo ndiyo maneno marefu kuliko yote aliyowahi kuniambia tangu nilipokuwa baba yake. Nikaelewa kwamba ile nafasi ndiyo kitu pekee kinachomwamsha kitandani. Akiikosa, atakaa kwenye kiti cha dirishani kwa mama yake mpaka nywele ziwe nyeupe, akisema ndiyo, papa.

Sasa fomu. Ya China inataka jedwali la familia: jina, umri, kazi, yupo au hayupo. Kwenye mstari wa baba Jaël aliandika Mathieu, miaka arobaini na saba, fundi wa vyuma, yupo. Jina la kaka yangu, umri wangu, kazi yangu. Hakudanganya. Uliza mtu yeyote barabara yetu baba wa Jaël ni nani, atakuonyesha mimi na ataniita Mathieu.

Ya Japani inataka mdhamini, mtu mzima wa kutia sahihi kwamba atamjibia mwanafunzi. Nikatia sahihi mimi, kwa kiburi kabisa, na tukaambatanisha kadi yangu ya uchaguzi, ambayo kwetu ndiyo kitambulisho. Serikali haihudhurii mikeka yetu, kadi inasema Gauthier. Kwenye nafasi ya uhusiano Jaël akaandika: baba. Halafu wakataka pia cheti cha kuzaliwa cha Jaël, na humo baba ni Mathieu ambaye leo angekuwa na miaka hamsini na miwili. Hatukuona tatizo. Jaël, msichana anayehesabu asidi mpaka tone la mwisho, hakuona tatizo, na mimi ninayepima chuma kwa sehemu ya mia ya milimita sikuona tatizo.

Vile vyuo viwili hubadilishana mafaili kila mwisho wa mwezi. Ndiyo makubaliano yao, kila mmoja asome alichopokea mwenzake. Jumatatu barua pepe ikaja, na Jaël akaja nayo karakana na simu mkononi, akanisomea katikati ya kelele za mashine. Ofisi ya pamoja imeona kwamba mwombaji ana baba wawili, au watatu ukihesabu na cheti cha kuzaliwa. Ofisi inaogopa kwamba habari zilizotolewa si za kweli. Mwombaji na mdhamini waje mbele ya kamera siku ya Alhamisi, na karatasi za serikali. Maelezo yasipotosha, faili litafungwa na nafasi itapewa anayefuata kwenye orodha.

"Nani anafuata?" nikauliza. Sijui kwa nini niliuliza.

"Muntu moja wa Uzbekistan," akasema Jaël. Akazima simu, akasimama pale akitazama mashine inavyozunguka. Hakulia, hakulalamika. Ningefurahi angepiga hata kelele.

Jumatano jioni tulikaa kwa Rosalie: yeye, mimi, Jaël na dada Émilienne. Émilienne ana miaka sitini na tano na anaongea kidogo, lakini akishaongea umehukumiwa.

"Mutabaelezea desturi," akasema. "Ba Chinois na ba Japonais nabo biko na bankambo yabo, bale bazee ba zamani. Batasikia."

"Yaya," nikasema, ndivyo tunavyomwita dada mkubwa, "wale hawana nafasi ya desturi kwenye fomu. Wana kisanduku. Yupo, hayupo. Wanataka alama moja."

"Basi alama ni yupo. Si weye huyu."

Nikamwambia kwamba karatasi inayoweza kutuokoa ni moja tu, cheti cha kifo cha Mathieu, na ukikionyesha lazima useme kilichoandikwa humo. Émilienne akavuta kitambaa chake cha kichwani mbele, kama anavyofanya akikasirika.

"Sikia," akasema. "Kama unasema na kinywa yako mwenyewe kama Mathieu alikufa, unamutosha mu nyumba, unamufukuza inje. Tulimurudisha na mikono yetu. Ukimutosha, atabakia mu njia sawa muntu hana kwabo. Na huyu mutoto atakuwa hana baba. Utaweza kumutazama?"

 Nilimtazama Jaël nione anataka nini, na Jaël alikuwa akichambua maharage, jiwe huku, haragwe huku, bila kuinua kichwa. Nikamuuliza moja kwa moja. Jaël, unataka kwenda? Akasema, "Nataka." Nikamuuliza kama anaelewa itabidi nisemeje. Akasema, "Sema tu kile banataka, papa. Ni maneno." Wakati huo Rosalie aliinuka, akaingia chumbani, tukasikia sanduku likivutwa chini ya kitanda. Akarudi na bahasha, akaiweka mezani mbele yangu, akarudi kwenye kiti chake.  Émilienne aliondoka bila kuaga.

Mtandao wa kutegemea Panda unapatikana kwa Germain, mpiga picha, kwa sababu ana betri za jua na umeme ukikatika yeye hajui. Alhamisi saa tatu asubuhi tulikuwa kwenye studio yake. Kule kwao ilikuwa alasiri. Germain aliondoa pazia lake la maporomoko ya maji ambalo watu hupigia picha za harusi, akatuachia ukuta mtupu, akakaa pembeni kushughulika na nyaya. Nilikuwa nimevaa shati langu la kawaida. Koti la Mathieu nililiacha msumarini.

Kwenye kioo cha kompyuta walitokea watu wawili, kila mmoja kwenye dirisha lake. Yule wa Japani alikuwa profesa mzee mwenye tai, nyuma yake kabati la mawe yenye namba. Yule wa China alikuwa mama wa makamo, mkuu wa ile ofisi ya pamoja, na chupa ya chai mbele yake. Walisalimiana kwa Kiingereza, nikaona kwamba hata wao wawili wanazungumza kwa lugha ya kuazima. Kifaransa hawakujua. Kwa hiyo ilibidi Jaël atafsiri, yeye mwenyewe mwenye kesi.

Mama wa China hakupenda. Akasema mazungumzo yanarekodiwa, na baadaye mwanafunzi wao mmoja, Mtanzania, atasikiliza nilichosema na atalinganisha na alichotafsiri Jaël. Jaël akanigeukia: "Papa, sema Kiswahili bora, ule muntu asikie. Na mimi siwezi kubadilisha kitu." Basi nikajikaza, nikatafuta Kiswahili cha misa na cha redio, hiki hiki ninachokusimulia nacho.

Wakaniuliza jina. Nikajaribu kwanza njia ya Émilienne, maana nilikuwa nimemwahidi moyoni kwamba nitaijaribu. Nikasema: mbele ya serikali mimi ni Gauthier, mbele ya ukoo mimi ni Mathieu. Nikaeleza mkeka, unga, koti. Nikaeleza kwamba mtoto hakudanganya, kwamba nyumba nzima na barabara nzima ingemjibu hivyo hivyo. Jaël alitafsiri vizuri, nadhani, maana profesa wa Japani aliacha kuandika, akasogea karibu na kioo. Akasema kwao pia, kwa mafundi fulani wa ufinyanzi, mwana akichukua karakana huchukua na jina la baba, na watu humwita hivyo mpaka afe. Akasema ameelewa kabisa. Nilianza kumpenda yule mzee.

Mama wa China naye alisema ameelewa. Kisha akasema, kwa upole, kwamba anayeelewa ni yeye, na anayetoa viza hataelewa, na kwamba vyuo viwili haviwezi kubeba mwanafunzi mmoja kwa maelezo mawili. Alihitaji jibu moja, lilelile kwenye mafaili yote. Akauliza swali. Niliona likifika kwa Jaël kabla ya kufika kwangu. Alilitafsiri akitazama kibodi.

"Banauliza Papa Mathieu, ule alinizala, iko muzima ao alikufa. Banataka neno moja."

"Alikufa," nikasema.

Jaël hakutafsiri.

Wale wawili walisubiri. Feni ya kompyuta ya Germain ilikuwa inalia. Nikadhani hajasikia, nikarudia.  Profesa wa Japani akauliza kitu kidogo, labda kama mtandao umekatika.

"Jaël, waambie."

"Papa, hapana kusema vile," akasema, taratibu, kwa Kiswahili chetu, kama tuko jikoni.

"Jana ulisema ni maneno."

"Hapana kusema vile. Tafadhali."

Nilifikiria kuzima. Kweli kabisa, nilifikiria kufunga kile kioo kwa kiganja na kumpeleka nyumbani, Mathieu wake akiwa mzima, akakae dirishani. Halafu nikaona mikono yake, ameiweka juu ya magoti kama mtu anayesubiri zamu hospitalini, na ana miaka ishirini na mitatu. Nikageukia kamera. Niliongea polepole ili hata yule Mtanzania asipate shida.

"Mathieu alikufa. Mimi ni Gauthier, mdogo wake. Mimi si baba wa huyu binti. Baba yake tulimzika tarehe kumi na nne mwezi wa tatu, miaka mitano iliyopita. Mvua ilikuwa inanyesha. Mimi nilishika kamba upande wa kichwa. Jeneza lilikuwa zito na tope lilikuwa linateleza, na nilimteremsha mimi mwenyewe mpaka akafika chini. Hayupo. Huyu mtoto hana baba. Ana mama, na ana mimi, baba yake mdogo."

Jaël akaanza. Sentensi moja, anapumzika, sentensi nyingine. Kiingereza sijui, lakini nilijua amefika wapi kwa namna alivyopumzika. Kwenye ile kamba alisimama. Akanigeukia.

"Kamba gani?"

"Ya kuteremshia jeneza."

Siku ile yeye alikuwa na wanawake, nyuma, wamefunikwa na miavuli. Hakuona. Tena hakuna aliyemsimulia, maana kabla hajapata nguvu ya kuuliza, tulikuwa tumemrudisha baba yake. Alitikisa kichwa kuonyesha ameelewa, akageukia kioo, akawaambia habari za kamba, akamaliza na mengine yote mpaka kwenye neno la mwisho. Sauti yake haikupanda wala kushuka. Ungesema anasoma ripoti ya maabara.

Profesa wa Japani alivua miwani, akainamisha kichwa mbele ya kamera, akakaa hivyo muda mrefu hata Germain akaacha nyaya zake kumtazama. Mama wa China akaomba karatasi. Jaël akakitoa cheti kwenye bahasha, akakiinua mbele ya kamera, kikasomeka. Halafu wakazima sauti zao, tukawaona midomo tu ikisema, huyu akisema, yule akijibu, Japani na China wakipanga mtoto wetu awe nani. Hazikupita dakika tatu. Sauti ikarudi. Jaël alisikiliza, akajibu kwa maneno mawili, akanitafsiria.

"Nafasi ni yangu. Tubadilishe fomu zote mbili. Penye baba tuandike alikufa, na weye tuandike baba mdogo. Nifike China mbele ya juma ya kwanza ya mwezi wa tisa."

"Vizuri," nikasema.

"Asante," akasema.

Germain alikuwa ameinua mikono apige makofi, akatuangalia, akaishusha.

Tulirudi kwa miguu. Ni mwendo wa robo saa. Nilitaka kumwambia kitu, sikujua nimwambie kama nani. Sikuwa na furaha, sikuwa na huzuni pia. Nilikuwa na njaa kidogo. Yeye alitembea hatua moja mbele yangu, bahasha kwapani. Mara moja aliuliza kama mvua ile ya siku ya mazishi ilikuwa kubwa. Nikasema ilikuwa kubwa. 

Rosalie alikuwa sebuleni, na Émilienne alikuwa amerudi, amekaa kwenye kiti cha pembeni na kipochi chake mapajani kama mgeni.

"Banakubali?" akauliza Émilienne.

"Wamekubali."

"Na Mathieu?"

Nilisimama pale kama mwanafunzi aliyevunja kioo cha shule. Jaël alivua viatu. Akaviweka pembeni ya mlango, vimelingana. Akatoa ile bahasha kwapani, akaiweka juu ya kabati. Halafu akakaa chini, kwenye sakafu ya saruji, katikati ya chumba, akanyoosha miguu mbele. Kila mwanamke wa kwetu anajua maana ya kukaa hivyo. Rosalie alijua, akashika mdomo. Jaël akafungua kinywa na sauti ikatoka, ile ya matanga, ndefu, yenye jina ndani yake. "Papa Mathieu eeh. Papa eeh, kwa nini unaniacha." Miaka mitano. Nilikuwa sijawahi kumsikia akipandisha sauti hata akimwita kuku.

Nilimtazama Émilienne, nikasubiri anihukumu. Aliweka kipochi chake chini. Kisha akafungua kitambaa cha kichwani, mvi zake zikaonekana, akateremka kwenye kiti kwa shida ya magoti, akakaa sakafuni kando ya Jaël. Rosalie akaja upande wa pili. Wakalia wote watatu, wakisemezana na Mathieu, Rosalie akimuuliza kwa nini alienda shambani asubuhi ile wakati alimwambia apumzike.

Nyumba za kambi zetu zimegusana ukuta kwa ukuta, na kilio cha matanga hakisikiki bila watu kuja. Haikupita muda nikaona wanawake wanavuka barabara wakijifunga vitenge kiunoni, na wanaume wanazima redio. Wa kwanza kufika mlangoni alikuwa Léon, jirani wa nyumba ya pili, bado na povu la sabuni ya kunyolea kwenye shavu moja. Aliangalia ndani, akawaona wanawake chini. Akawahesabu kwa macho, Rosalie yupo, Émilienne yupo, Jaël yupo, mimi nipo. Hakuelewa. Akanishika mkono.

"Papa Mathieu," akasema kwa sauti ya chini, "ni nani alikufa?"

"Ni kaka yangu," nikasema, na nilipolisikia hilo neno likitoka, nikamshika Léon bega kwa nguvu.

Léon alinitazama usoni. Nadhani aliona ni kaka yupi. Akanikalisha kwenye ngazi ya mlango, akajifuta povu kwa mkono wa shati, akaenda kuwaambia wanaume walete viti.